Shubiri ya Kabula

Nilipokuwa na miaka tisa, niliamini kwamba jicho langu linaweza kuua mmea. Tena nilitaka iwe hivyo.

Tulikaa Nyasubi, mjini Kahama. Mama alikuwa amemchukua Kabula, binti wa marehemu dada yake, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu: nani kasukwa kwanza, nani kaitwa "mwanangu" mara ngapi. Bibi, mama yake Mama, alipong'oa machipukizi mawili kwenye shubiri yake atugawie, la Kabula lilitoka na mizizi minne, langu miwili. Idadi hiyo naikumbuka kuliko sura ya mwalimu wangu wa kwanza.

"Yalazeni kivulini mpaka kidonda kikauke," Bibi alisema. "Na mwenye kijicho asiyatazame. Yataungua."

Mama akaahidi kwamba litakaloshika litawekwa mlangoni kuilinda nyumba. Nikapanda langu siku ileile ili nimpite Kabula, nikalimwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili lilikuwa uji. La Kabula, lililolazwa siku nne kwenye ungo, lilisimama wima ndani ya kopo la rangi.

Basi nikaamua kutumia jicho. Kila asubuhi nilichuchumaa mbele ya kopo lile, nikalikodolea macho mpaka machozi yakatoka. Siku moja Kabula akanifuma.

"Dada, unaliombea?"

"Ndiyo."

"Asante," akasema, akachuchumaa pembeni yangu. Nikamchukia zaidi.

Mama akalitoa kopo kivulini, akaliweka mlangoni. Siku chache baadaye majani yakageuka rangi ya kutu. Mama Shija, jirani yetu, alikuja kuazima kinu, akaliinamia.

"Hee! Humu ndani mna jicho. Shubiri haiungui hivihivi."

Kisha akamtazama Bibi, aliyekuwa anapuliza moto, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka yote. Bibi akavuta upindo wa kitenge akajifunika uso. Hata mtoto wa kwetu alijua maana ya mtazamo ule. Tulishasikia vikongwe wenye macho ya namna ile walivyoitwa wachawi na kukatwa mapanga.

"Ni mimi," nikasema. "Nimelitazama kila siku. Nilitaka life."

Mama Shija akaangua kicheko. "Kitoto hiki! Macho yenyewe yamejaa tongotongo." Akabeba kinu alichoazima akaondoka, na habari ya jicho sikuisikia tena kwake.

Kabula alikuwa analia. Mama alinitazama kama mtoto wa watu. Bibi ndiye aliyeniita, akanishika kidevu, akayachunguza macho yangu moja baada ya jingine.

"Hili halina uchawi," akasema. "Lina njaa."

Sasa naishi Geita, na dirisha langu limejaa shubiri nilizozalisha mwenyewe. Najua chipukizi likitolewa kivulini ghafla, jua huligeuza rangi. Likizoea hupona, kama lilivyopona lile. Jicho langu halikuunguza jani. Lilikaribia kumuunguza Bibi.

Watu wa nyumbani husema siku ile nilimwokoa. Mimi sina hakika. Kila nikiikumbuka, naona kwamba nilipotamka "ni mimi" sikuwa namtazama Bibi. Nilikuwa namtazama Mama, nione kama hatimaye ameniona.