Shemeji Yangu Aliyeitwa Baba Kliniki

Siku mwanangu Atupele alipochomwa sindano zake za kwanza za mapajani, aliyempakata alikuwa mwanamume ambaye si mume wangu, na aliyekuwa akitutazama kutoka benchi la mbele alikuwa shangazi wa mchumba wa mwanamume huyo. Aibu hiyo niliipika mwenyewe, tena kwa mguu.

Mume wangu ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa amekwama Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Mimi naogopa sindano tangu shule. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimefika kliniki yetu ya Mbalizi, nikasikia mtoto mmoja tu akilia ndani, nikageuza na Atu wangu mgongoni (njiani nikanunua maparachichi, nionekane nilikuwa na safari ya maana). Kwa hiyo safari hii nilimwomba shemeji yangu Gwakisa, mdogo wake mume wangu, anisindikize: yeye amshike mtoto, mimi nitazame ukuta. Gwakisa ni seremala, anaimba besi kwayani, hana neno na mtu. Ila alikuwa amepeleka washenga Iringa kwa kina Rehema, mchumba wake, na jibu lilikuwa bado.

Sasa pale kliniki, mama akija na baba wa mtoto huhudumiwa kwanza, ili kina baba nao wavutike. Nesi akatoka, akaona mabenchi yamejaa akina mama, na katikati yao dume moja limekumbatia mfuko wa nepi. Uso ukamchanua.

"Mama, umekuja na baba mtoto?"

Gwakisa akafungua mdomo aseme, nikamkanyaga mguu. Foleni ilikuwa ndefu, na kwa vilio vyote vile ningekimbia tena, najijua.

"Ndiyo, sista," nikajibu.

Nesi akamshika Gwakisa mkono, akamgeuzia mabenchi kama anayenadi kitenge. "Mnamwona baba huyu? Wa kwenu wako wapi?"

"Wa kwangu yuko kijiweni!" mmoja akadakia. "Dada, tuazime huyo!"

Wakacheka wote, isipokuwa mama mmoja wa makamo aliyepakata mjukuu. Huyo alisalimu taratibu kwa Kihehe, "Kamwene, Gwakisa."

"Shikamoo, shangazi," Gwakisa akaitikia, kisha akaninong'oneza, "Shemeji, umeniua. Huyo ni shangazi yake Rehema. Iringa wanasubiri neno lake."

Ningesema ukweli palepale, lakini nesi alishatusukumia ndani, na mlango akauacha wazi. Nikageukia ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha, nikaikodolea macho hadi nikaijua. Nikamsikia nesi, "Baba, mshike goti, hivyohivyo." Kikafuata kile kimya cha mtoto anayevuta pumzi, halafu kilio. Chini ya kilio nikasikia besi ya Gwakisa ikimwimbia, ikayumba, ikakatika. Nikageuka. Atu alikuwa amemng'ang'ania kidole, na Gwakisa machozi yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Pole mwanangu, pole, yameisha."

"Bado paja la pili," nesi akasema.

Tulipotoka nikaenda moja kwa moja kwa shangazi, nikapiga goti, nikayamwaga yote kwa pumzi moja, kwamba nisamehe, huyu si mume wangu ni shemeji, mume wangu yuko Tunduma, nimpigie umsikie? Mabenchi yote yakageuza shingo kunisikiliza.

"Ehee, Mama Atu!" nesi akapaza sauti mlangoni. "Safari ijayo wewe ni wa mwisho!"

Shangazi akamgeukia Gwakisa. "Na wewe ulikuwa unalia nini?"

"Alinishika kidole, shangazi."

Shangazi akanyoosha mkono, akalivuta shali la Atu likamfunika masikio. "Baridi hii, mtoto anaachwaje wazi?"

Chanjo inayofuata ni wiki ijayo. Nitakaa mwisho wa foleni, nitampakata mwenyewe, macho wazi, na sitamkanyaga mtu mguu ili nipite mbele. Iringa bado hawajajibu. Ila jana shangazi alimtuma mtu aulize: safari hii Atu atashikwa na nani? Gwakisa ameacha randa yake, amekuja mbio kuniuliza kama hiyo ni ndiyo au ni hapana, na mimi sijui.