Keki Iliyowekwa Itazamwe

Sikuondoka St Marys, kitongoji chetu huku ughaibuni, Jumamosi ile kwa kupenda maonyesho ya vijijini. Niliondoka kwa sababu mama yangu, aliyekuja kutoka Muheza baada ya kumzika baba, alikuwa hali chakula. Namwachia wali kwenye maikrowevu, nikirudi kazini naukuta vilevile. "Nimeshiba, mwanangu," huniambia, na gauni linazidi kumpwaya. Niliogopa. Mwenzangu kazini akanishauri nimpeleke milimani: majani yakianza kupukutika, vijiji vya huko hufanya maonyesho ya mavuno. Chakula tele, akasema.

Jumamosi asubuhi tukapanda treni. Mama alijitanda khanga juu ya koti, akatazama miti iliyogeuka myekundu.

Kijijini chakula kilikuwa tele kweli, cha kutazama. Boga kubwa kama ndama lilikuwa limelazwa juu ya nyasi kavu, limefungwa utepe wa buluu wa mshindi. Nikamuuliza mwenye boga litapikwaje.

"Kupikwa?" akashangaa. "Hili halina ladha. Kesho nawapa ng'ombe."

Mtu mzima na ndevu zake, kahangaika msimu mzima na boga asilokusudia kulila! Mbele kidogo matofaa yamepangwa kwa mistari, na ole wako uyaguse. Watu wanayapita wakinong'ona kama wako msibani, kisha wanakwenda kupanga foleni ya soseji ndani ya mkate wa dukani. Kula hawajui, wanajua kutunukiana utepe.

Nikamketisha Mama kwenye benchi, nikaenda kumtafutia chai. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu. Nilimkuta ukumbini, mbele ya meza ya keki, ameshanawa mikono kwa chupa yake ya maji, anatafuna. Keki ya tofaa, yenye kadi ya mshindi wa kwanza, ilikuwa imebaki nusu. Msimamizi amesimama kando, mdomo wazi.

"Mama! Hizi si za kula!"

"Si za kula? Mbona imeshakatwa kipande? Akishaikata, mwenyewe ameshasema karibu. Nipite tu, nimdharau?"

Kipande hicho alikikata jaji, akaonja, basi. Kabla sijamweleza, akafika bibi mmoja mwenye mkongojo. Ndiye aliyeipika. Nikaanza kuomba radhi, hakunisikiliza.

"Muulize keki ilikuwaje."

Nikatafsiri. Mama akafikiri. "Mwambie sukari imezidi kidogo. Lakini anajua kupika."

Bibi akacheka mpaka akashikilia meza. Miaka yote analeta keki, alisema, anapewa kadi, na hakuna aliyewahi kumwambia ladha yake. Akavuta viti viwili, akamkatia Mama kipande kingine, akajikatia na yeye. Hawakuwa na lugha moja, lakini sahani waliimaliza.

Kwenye treni ya kurudi wivu ulinishinda. Nikamuuliza Mama wali wangu una kasoro gani.

"Hauna kasoro. Unaniwekea, unaondoka. Mimi na baba yako tulikula sahani moja tangu harusi. Kula peke yangu sikuwezi."

Nimewacheka watu wa boga siku nzima, kumbe nyumbani kwangu nami naweka chakula kitazamwe.

Jioni ile nilipika wali, nikapakua wote kwenye sahani moja kubwa, nikanawa, nikaketi. "Karibu, Mama."

Akamega tonge, akatafuna taratibu. "Chumvi imepungua," akasema, akamega jingine.