Kamera ya Ami wa Mchumba Wangu Imenitia Kinyaa, na Ndoa Iko Mikononi Mwake

Admin, nifichie jina, maana humu wamo mpaka jamaa wa mchumba wangu na wakisoma watajijua tu. Wajijue, lakini isiwe kwa jina langu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Mombasa, naishi Hounslow hapa London. Siku za kazi napakia mizigo kwenye ghala moja huko Hayes, na wikiendi napiga video za harusi za Waswahili wenzetu. Hiyo ya pili ndiyo kazi ninayoipenda. Nina mchumba, nitamwita Salma. Baba yake ni marehemu na hana kaka, kwa hiyo walii wake ni ami yake, ndugu wa marehemu, anayeishi Kilburn. Yeye asipokubali kumuozesha, hakuna ndoa. Wekeni hilo akilini.

Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta kamera ya mtumba, zile DSLR za zamani ambazo ukizitia programu fulani zinarekodi video mbichi, RAW. Kwa wasiojua: kamera ya kawaida huipika picha humo humo ndani, na bibi harusi wetu mweusi kwenye ukumbi wa taa hafifu anatoka rangi ya majivu. Video mbichi inakuletea kila kitu kamera ilichokiona, rangi unakuja kuzipanga mwenyewe. Ubaya wake mafaili ni mazito na kamera inapata moto. Kwa hiyo kamera kuukuu hainunuliwi kwa macho. Unatia kadi yako, unairekodisha mpaka ichemke, unafungua lenzi unamulika ndani kwa tochi. Nilikuwa nimeshapata moja nzuri, na muuzaji aliniruhusu yote hayo.

Salma akasema, "Ami anauza yake. Ukinunua kwa watu baki atavunjika moyo."

Nikaenda Kilburn. Ami naye alipiga sana video za harusi enzi zake, na kamera yake ilikuwa ya aina ile ile niliyoitaka. Ilinukia udi. Nikafurahi moyoni, nikasema huyu mzee anatunza vitu. Nilipotoa kadi na tochi, akanikazia macho.

"Wanikagua? Mwana nakupa mzima mzima, kamera ndiyo waimulika tochi?"

Mnajua mambo ya ukweni. Mkwe hakaguliwi. Nikairudisha tochi mfukoni, nikalipa, nikambusu mkono nikaondoka.

Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa ukumbini, bibi harusi kaketi kwenye kiti chake, jamaa zake wamemzunguka. Nikaanza kurekodi, uso nimeusogeza kwenye kioo cha nyuma, chini ya kile kitundu cha kuchungulia. Kamera ikapata moto kama kawaida. Nikahisi kitu kinanitekenya kwenye nyusi, nikakipangusa. Kikaja kingine. Kuondoa uso, mende! Vimende vidogo vya kahawia, vinalikimbia joto, vinamiminika kutoka kwenye kitundu na kuteremka mkononi mwangu hadi ndani ya shati. Kimoja kikadondokea kwenye shela la bibi harusi. Mama yake akapiga ukelele, "Toka! Toka na uchafu wako!" Nikatoka mbio huku nikijikung'uta kama mwendawazimu. Nilipoitazama ile video kidogo niliyorekodi, kulikuwa na mguu wa mende, umegandia humo ndani ya kamera, umelala juu ya paji la uso la bibi harusi, kila picha, mwanzo hadi mwisho.

Nikaipeleka kwa fundi hapa Hounslow, Muhindi mmoja aliyezaliwa Kampala. Akaifungua juu ya gazeti. Jamani! Mayai, maganda, mavi, vilivyokufa na vilivyo hai. Akasema, "Bhai, hii si kamera, hii gesti." Halafu akanionyesha unga mweupe uliogandia ndani. "Mtu alipuliza dawa hapa zamani. Alijua."

Hapo ndipo ule udi ulinirudia puani. Mzee alikuwa ameifukiza kamera ili nisisikie harufu ya dawa ya mende, halafu akanipa mkono wake niubusu. Nilitapika pale pale nje kwa fundi.

Nilimpigia Ami kwa adabu zote. Akanigeuzia kibao. "Mende wako wa Hounslow wawaleta Kilburn? Wanitukania nyumba?" Sasa ametoa amri: Jumapili hii nifike kwake mbele ya wazee, niseme mende walitoka chumbani kwangu, niombe radhi. Nisipofanya hivyo, nitafute mke kwingine. Na watu wa ile harusi wameshanitangaza, simu za kazi zimekatika. Nikikiri kwa mdomo wangu kwamba mende ni wangu, nani ataniita tena kwenye shughuli yake?

Salma analia. "Sema tu ni wako. It's just cockroaches, babe. Neno moja tu tumalize."

Nikamwambia kazi yangu itakufa. Akaniuliza, "Kwani unaoa kamera?"

Nampenda. Lakini kila nikimkumbuka yule mzee, akijifanya kuumia kwa sababu ya tochi, nakwenda kunawa mikono upya. Uongo wake nitaubebaje mimi maisha yangu yote, kila Idi nikimpa mkono?

Na jana mkewe kanipigia, sauti tamu kama halua: "Jumapili uje na njaa, mwanangu. Nakupikia biriani kwa mikono yangu, hapa hapa jikoni kwangu."

Ndugu zangu, nipeni ushauri, niende au nisiende? Maneno ya radhi pengine naweza kuyalazimisha yatoke kinywani. Hilo biriani nitalilazimishaje liingie?