Wifi Alinirejeshea Vyombo vya Manjano, Sasa Anaviazima Tena

Mhariri, jina langu lifiche, na mtaa ufiche pia, maana kwetu ukitaja mtaa umeshataja mtu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nnakaa Mji Mkongwe ghorofa ya juu. Chini anakaa dada mkubwa wa mume wangu. Nitamwita Bi Ramla. Si jina lake, ingawa hata ningelitaja lake hapana hatari, kwani gazeti kwake ni la kufungia maandazi. Nnaandika baada ya kufuturu, kwa sababu haya yaliyomo moyoni nikiyaandika mchana naogopa yatanifunguza.

Shemeji yangu baharia aliniletea kutoka Mombasa vyombo vya plastiki vyeupe: mabakuli, upawa na chujio la tui. Majirani walipanda ngazi kuja kuvigonga kwa kucha. Bi Ramla alilipindua bakuli kama anayenunua kuku, akasema, "Wifi, hivi si vya jikoni, ni vya kutazama."

Haukupita muda akaja kuviazima. Alikuwa na khitma. Kwetu mtu hamnyimi wifi yake chombo, na chombo kilichoazimwa hakirudi kitupu. Basi vikarudi, vimefunikwa kawa, na ndani kipande cha mkate wa kumimina. Nikashukuru, nikala. Nilipoumaliza ndipo nilipokiona kitako cha bakuli. Manjano kama papai! Mchuzi wa bizari na tungule ulilala humo mpaka asubuhi. Upawa nao ulikuwa mwekundu mpaka kwenye mkono. Sasa utamlalamikia mtu na mkate wake uko tumboni?

Nikavisugua kama tunavyosugua sufuria, kwa mchanga, majivu na kumbi la nazi. Hapo nilikosea. Sufuria ukiisugua hung'ara, plastiki hukwaruzika, na kila mkwaruzo ukawa nyumba ya ile rangi. Vikazidi kuwa vichafu kwa jinsi nilivyovisafisha.

Hayo ningeyameza. Lakini mdogo wangu wa kike, ninayekaa naye, alikuja kutazamwa uchumba. Mama wa kijana na mashangazi zake walikuja "kutusalimu tu", na kila mtu anajua salamu hizo huanzia sebuleni zikaishia jikoni. Nilitia visheti kwenye mabakuli yale yale, sina mengine, na siku hizi chombo kipya hukipati kwa kukitaka. Nikavifunika kitambaa cheupe. Bi Ramla nilimwita mwenyewe, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Akanyoosha mkono, akakivuta kile kitambaa, akamimina visheti vyote kwenye sinia, bakuli likabaki linatuangalia.

"Kuleni, msiogope," akawaambia wageni. "Hiyo rangi mchuzi wa mwezi uliopita tu. Wifi yangu na vyombo hawagombani kabisa."

Wakacheka. Shangazi mmoja akachukua kisheti kwa ncha za kucha, akakiweka mapajani, akaondoka hajakiuma. Baadaye tukaletewa habari kwamba kijana bado hajawa tayari. Utayari ulimjia upesi, kwa msichana wa Mpendae. Mdogo wangu akaacha kula kwenye mabakuli yale.

Nikaanza kuvisoma vyombo vyangu kama wengine wanavyosoma chuo. Wekundu wa tungule nikagundua unakaa ndani ya mafuta, basi nikavipaka mafuta ya nazi, nikaviacha, nikavifuta kwa kitambaa kabla ya maji na sabuni. Ukatoka. Manjano yakabaki. Ndimu na chumvi vikayapunguza kidogo. Siku moja nikaliacha bakuli juu ya dari, penye jua, limelala ubavu. Jioni nalikuta upande uliotazama jua mweupe, upande wa chini papai vile vile. Kumbe manjano adui yake jua! Nikawa nnavigeuzageuza kama dagaa, mpaka vikarudi vyeupe.

Bi Ramla naye akaletewa vyake na mwanawe, na manjano hayakumwonea haya. Binti yake atatazamwa Idi ikishapita. Akapanda ngazi.

"Shikamoo, Bi Ramla."

"Marahaba. Wifi yangu, hivi vyombo umevifanyaje? Vimekuwa kama meno ya mtoto!"

"Ndimu na chumvi."

"Basi?"

"Basi. Ila uviweke kivulini, Bi. Jua hupasua plastiki."

"Mungu akuweke, wifi."

Hayo nilimwambia kabla ya Ramadhani, nilihakikisha. Tangu hapo anasugua chini ya ngazi, penye kiza, na mimi huku juu namsikiliza. Nikipita namuuliza, "Vinaendaje?" Ananijibu, "Vinakataa, wifi." Namwambia, "Zidisha ndimu." Vidole vimemchubuka. Sijapata futari tamu kama ya mwaka huu.

Jana kaja, kakaa. "Wifi, nimeshindwa. Niazime vyako siku ya wageni." Hakuona haya hata kidogo. Nadhani kashasahau.

Kinachonizuia ni yule binti. Ananiita mkaza mjomba, mke wa mjomba wake, na siku ile ya visheti ndiye aliyekaa na mdogo wangu chumbani akamfuta machozi. Nikamuuliza mdogo wangu mwenyewe. Akafikiri, akasema, "Mpe, dada. Lakini na mimi siku hiyo nataka niwepo."

Kumnyima siwezi, ni wifi. Na siku ya wageni mahali pangu ni mbele. Maneno nshayapanga: "Kuleni, wageni, msiogope, vyombo hivi ni vyangu. Vyake viko chini ya ngazi." Nimeyapima, hayana uongo hata neno moja.

Wa kunambia nisamehe wapo, nao wote binti zao wameshaolewa. Nyinyi wengine nishaurini, nifanye nini: nimpe vyombo ninyamaze, au nimpe vyombo niseme?