Mrehani wa Ukuta wa Nyuma

Niliondoka Mombasa mwaka huu wa 1967 kwa sababu moja: kumpelekea bibi yangu mrehani. Binamu yangu Zuwena alikuwa anaolewa Maskati, na Bibi, mzaa mama, hakukubali mjukuu wake aolewe bila kikuba, kile kishada cha asumini na rehani anachovaa bibi harusi, alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe. Asumini alikuwa nayo. Rehani ya soko la huko, alituma kusema, inanuka dawa. Nami ndiye niliyejisifu katika ukoo kuwa najua kupanda, ingawa hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuua miche mingi.

Melini niliweka makopo matatu ya maziwa chini ya kitanda, nikayapanga kwa kimo cha miche. Nakiri, nina maradhi ya kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nilifuta chumvi kwenye majani kwa leso na kuigawia maji yangu ya kunywa. Abiria mwenzangu aliniuliza kama nasafiri na mgonjwa. Nikamjibu ndiyo. Hata hivyo miche miwili ilikufa, nadhani kwa kushikwashikwa.

Maskati tulishushwa kwa mashua. Nilitarajia majabali matupu, na majabali yapo, meusi, yameukumbatia mji pande zote. Lakini sikutarajia wakazi wengine: kunguru juu ya mizigo ya forodha, paka wakiwangoja wavuvi wa kijiji cha Qantab, shomoro ndani ya matundu ya kuta. Na mbuzi! Mbuzi wa pale hachungwi. Asubuhi hutoka kwao, huzunguka vichochoroni akila kokwa za tende, vichwa vya dagaa na karatasi, na jioni hurudi mwenyewe akagonga mlango kwa pembe.

Nyumbani, Bibi alinusa jani moja la mche wangu, akafumba macho.

"Unakaribia ule wa uani kwangu Unguja," alisema. "Ahsante, mwanangu. Haya, upandishe juu. Mbuzi wa hapa hawana haya."

Nilimsikia. Lakini asubuhi ya siku ya harusi niliona paani jua ni kali mno na ukumbini hakuna jua kabisa. Kizingitini palikuwa na jua la kadiri. Nikauweka pale, nikaingia ndani kuuchotea maji. Niliporudi, kopo limelala ubavu, na mbuzi mweupe anatafuna bua la mwisho.

Nilimkimbiza huku nikilia, mtu mzima na kanzu yake. Akakata kona, akaingia kichochoro kisichopita, nyuma ya nyumba yetu. Pale akasimama. Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa amenyoosha shingo juu, anatamani kitu.

Nami nikatazama. Chini ya mrizabu, ule mfereji unaotoa maji paani, ukuta ulikuwa na ufa. Ndani ya ufa palikuwa na mrehani, mnene, umejaa maua, umekaa juu kiasi kwamba mbuzi wote wa mtaa hawakuufikia.

Zuwena alichungulia kutoka paani, hina bado mbichi miguuni. "Yakhe, umemkamata mwizi?"

"Mwache mwizi! Hapa mnamwaga maji gani?"

"Ya kufulia. Kwani vipi?"

Nilipanda mbio. Ilibidi nilale kifudifudi ukingoni, yeye akinishika kanzu.

"Ukianguka harusi yangu igeuke matanga," alisema, "wallahi sikusamehe."

Nilikata ncha tu, nikamshushia Bibi. Alinusa. Akanusa tena. Kisha akakaa kitako pale pale chini.

"Huu ni wangu," alisema. "Huu ndio wenyewe, wa uani."

Akatueleza. Walipotoka Unguja alibeba rehani kutoka uani kwake, na muda mfupi baadaye akamfungia kikuba dada wa Zuwena, aliyeolewa katika nyumba hii hii. Kwao kikuba cha harusi kikinyauka hakitupwi jaani kikakanyagwa. Hurushwa juu ya paa.

"Basi nikakirusha," alisema. "Miye nnadhani nnatupa majani makavu, kumbe mna mbegu."

Zuwena akaolewa na kikuba cha uani. Mimi nilitaka kuujengea mrehani kichanja, na kivuli cha makuti. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Uwache, mwanangu. Weye ukiutunza utakufa."

Siku ya kuondoka alinifungia kikuba kile, kimeshanyauka, ndani ya leso. Melini sikuwa na kopo wala mgonjwa, nikalala vizuri. Nilikuwa namshukuru Bibi, namshukuru na yule mbuzi. Nimejifunza kwamba kuna vitu huishi mjini kwa maji tunayoyamwaga na nyufa tusizoziziba, na kwamba mkono wangu si lazima uwe katika kila jambo.

Mombasa nilikirusha kikuba juu ya paa letu, karibu na mfereji wa bati wenye taka za majani. Sikupima chochote. Nakiri nimeisogelea ngazi mara nyingi, nikajirudisha.

Jana, mvua ilipokatika, mama alikuwa uani anaanika nguo. Ghafla akasimama, kanga mkononi, akainua pua.

"Nani amefunga kikuba humu ndani?" akauliza.