Kisima cha Baba Kilikuwa Kimekufa, na Mimi Nilijua

Nimekosa. Naanza na hilo kabla mdomo wangu haujaanza kujitetea, maana mdomo huu naujua. Mimi ni nyanya wa hapa Lodwar. Shule niliacha darasa la tatu. Jina sitoi, lakini wanaonijua watanijua tu, na wacha wanijue.

Kwa kiburi changu mjukuu wangu alipoteza mimba. Halafu nikanyamaza, mume wake akabeba lawama yangu. Ee Akuj, Mungu wangu! Hata kuliandika mkono unakataa.

Huyu mjukuu nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Nimechoma makaa, nimesuka vikapu vya mkoma mpaka vidole vikapinda, na akawa mwalimu. Sokoni nilikuwa natembea shingo juu kama ngamia. Mjukuu wangu mwalimu!

Alipata kazi Kalobeyei, kule karibu na Kakuma, na shuleni hapo akakutana na mwalimu mwenzake, kijana kutoka Kitale. Wakaoana. Kijana mpole, anasikiliza watu, anaosha vyombo bila kuambiwa. Mimi nilimwita "mtu wa mahindi". Mbele yake! Yeye anacheka tu.

"Lakini nyanya, mahindi si unakula?"

"Nakula. Sikusema yako ni mabaya. Nimesema wewe ni mtu wa mvua, jua la hapa litakuangusha."

Shule zilipofunga walikuja kwangu na hema. Wanataka likizo yao watembee mbuga za huku jangwani, walale nje, wapike kwa mawe.

"Kulala nje, Ata! Wazungu wanalipa kuja kuona kwetu, na sisi hatujawahi," mjukuu akaniambia. Ata ndiyo nyanya kwa lugha yetu.

"Mimi nimelala nje nusu ya maisha yangu," nikamjibu, "na hakuna mtu alikuja kunipiga picha!"

Tulicheka. Nyumba yangu ilikuwa na kicheko wakati huo.

Walianza na ile mbuga ya kisiwani, katikati ya ziwa. Walirudi ngozi imeungua, wamejaa hadithi za mamba. Mbuga ya pili iko ng'ambo ya ziwa, na mwenye boti akawaambia upepo ni mkali, wangoje. Wakakaa kwangu wakingoja. Hapo ndipo mjukuu alishika mkono wangu akauweka tumboni mwake. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi akifikiri kuna moto.

Furaha ikanipanda kichwani. Nikasema, kitukuu wangu hawezi kuzaliwa kabla hajalala kwa baba yangu.

Kwa baba ni huko Loima, unashika barabara ya Namoruputh halafu unaiacha, unafuata laga, ule mto mkavu wa mchanga, mpaka kwenye kona yenye mwamba mweupe. Hapo baba alichimba kisima. Kwetu kisima cha laga ni cha yule aliyekichimba na watoto wake. Mgeni anaomba, mtoto wa nyumba anachota tu.

"Mtalala chini ya mwamba," nikawaambia. "Asubuhi chimba mchanga mpaka kwenye kiwiko. Maji yanakuja yenyewe, matamu kuliko soda."

Nikatoka nje nikamkuta mume anapakia mitungi ya maji kwenye gari walilokodi. Damu ikanichemka.

"Wewe mtu wa mahindi! Unapeleka maji kwa baba yangu? Kwetu ukibeba maji kwenda kisima cha mzee, umesema mzee alikufa bila watoto!"

"Samahani nyanya, sikujua." Akasimama na mtungi mkononi. Halafu akauliza, pole pole, kwa heshima. "Huko mara ya mwisho ulienda lini?"

Jamani, swali hilo! Lingejibiwa kwa ukweli tusingekuwa hapa.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimekanyaga huko tangu magoti yalipoanza kunisumbua. Na si hilo tu. Kiangazi kilichopita wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye bado anachunga huko, alikuja mjini akaniambia: "Kisima cha mzee kimekufa. Mathenge imefunika kona yote, hatuchoti tena hapo." Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa huku, unakunywa maji usiku na mchana. Nilimfukuza wifi. Nikamwambia kisima cha baba yangu hakifi, wewe ndiye mvivu wa kuchimba.

Nilijua, basi. Nilikataa kujua, lakini nilijua.

"Nilikuwa huko juzi," nikamjibu yule kijana.

Akamtazama mke wake. Mke wake akasema, "Ata hawezi kudanganya. Shusha."

Mitungi ikashushwa. Wakabaki na mmoja, wa njiani. Nikatafuna tumbaku, nikawatemea mate ya baraka kwenye paji la uso, yeye na mume wake, na tumboni. Wakaondoka wananipungia.

Yaliyofuata niliambiwa.

Walifika kwenye kona wakakuta mathenge kama ukuta. Mwamba mweupe upo. Kisima hakipo. Wakachimba, yeye na mimba yake, mchanga mpaka mabegani, mkavu kama unga. Kulipokucha wakataka kurudi, gari likazama. Wakasukuma. Yeye pia alisukuma! Simu haina mtandao. Maji yaliyobaki mume akamwachia mkewe chini ya gari, akaenda kwa miguu kutafuta watu kwenye lile jua. Hakunywa hata tone. Wachungaji walimkuta ameanguka, wakafuata nyayo zake nyuma mpaka kwenye gari.

Waliletwa Lodwar. Mjukuu wangu akapona. Mtoto hakupona.

Wuui! Mtoto ambaye nilikuwa nimempigia vigelegele.

Pale hospitali mume alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, midomo imepasuka, ngozi ya uso inabanduka. Akanyanyuka kunipa kiti. Hata siku hiyo alinipa kiti!

"Nyanya," akasema, "ile kona ina mwamba mweupe, wenye ufa katikati?"

Huo ndio. Nimecheza kwenye ufa huo nikiwa mtoto. Nilijua hapo hapo kwamba hawakupotea.

"Miamba myeupe iko mingi," nikasema.

Akainamisha kichwa.

Haikutosha. Nilipomleta mjukuu nyumbani, ananilalia mapajani analia, nikamwambia: "Huyo wako alichimba mahali si penyewe. Mtu wa mvua hajui laga." Nilimwona akiacha kulia kidogo, akifikiri. Nilijua nimepanda nini.

Wakarudi Kalobeyei. Majirani wao walinisimulia baadaye, kelele ilikuwa kila jioni. Ya mke tu. "Nyanya alikuelekeza vizuri! Ukajifanya unajua! Umeniulia mtoto!" Yule kijana hajibu. Anachukua ndoo, anaenda kuchota maji, anarudi, anakuta maneno yanamngoja. Mwishowe akaomba uhamisho, akarudi kwao Kitale.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliposikia ameenda nilipumua. Nikasema basi limeisha.

Wifi yangu alikuja kutoa pole. Hakukaa hata chini. "Si nilikuambia?" Nilimvuta ndani, nikampa sukari, nikampa tumbaku yangu yote, nikamwomba anyamaze. Alipokea. Lakini alinitazama vile tunavyomtazama mbuzi aliyekataa mwanawe. Alipotoka nilikaa sakafuni. Sikupika siku hiyo. Nikapanda gari nikaenda Kakuma, na kutoka hapo bodaboda mpaka Kalobeyei.

Mjukuu alinifungulia mlango. Amekonda, macho yako ndani.

"Ejok, Ata? Mbona hukupiga simu?"

Sikuitikia salamu. Nikasema yote nimesimama, nikijua nikikaa nitabadilisha. Nikasema kisima kilikufa. Nikasema niliambiwa. Nikasema mwamba ulikuwa ule ule.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua simu, akatafuta namba, akaweka sauti kubwa, akaninyooshea.

"Mwambie yeye."

Kijana akaitikia. Nilisikia mvua nyuma yake, mvua ya Kitale, inapiga mabati. Nikamwambia. Nililia, nikamwita mwanangu kwa mara ya kwanza.

Halafu akasema, "Nyanya, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Baada ya hospitali nilirudi kuchukua gari. Wachungaji walionisaidia kulitoa waliniambia kisima cha mzee kilikuwa pale pale tulipochimba. Wakasema ukoo wote unajua kimekufa."

Mjukuu akainuka. "Ulijua? Mbona hukuniambia? Nilikutukana hivyo na ulikuwa unajua?"

"Ungeniamini? Ningesema, ungeona namsingizia nyanya aliyekulea. Ulikuwa umempoteza mtoto, sikutaka umpoteze na yeye. Nikasema, acha aseme mwenyewe. Nilingoja."

"Rudi," mjukuu akasema. "Tafadhali, rudi nyumbani."

Ile mvua tu. Halafu sauti yake, pole pole, kama ile siku ya mitungi. "Nilingoja sana. Nikachoka. Mpe nyanya chai, ametoka mbali." Akakata.

Mjukuu alinipa chai. Aliiweka mezani, akatoka nje akakaa kwenye jua, mgongo kwangu, mpaka nikaondoka. Tangu hapo anatuma salamu kwa watu, kwamba yuko mzima. Kwangu haji.

Nyinyi wazee wenzangu, kijana akikuuliza njia na hujui, mwambie hujui. Nchi yetu imebadilika, hata sisi tuliozaliwa hapa inatupotea. Hiyo siyo aibu. Aibu ni hii yangu.

Na wewe unayesoma, kama kuna mtu anayebeba kosa lako saa hii amenyamaza, usidhani hajui. Anajua. Anakungoja. Nenda leo, kabla hajachoka.