Nilimtengenezea binti yangu ubao wa kutembelea ili ajue kusoma

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa milimani.

Haya yametokea nyumbani kwangu, Morogoro hii hii. Kama kuna mahali nitaongeza chumvi mtaijua wenyewe, chumvi yangu huwa siifichi. Ila kiini cha jambo ni kweli tupu.

Naandika nikiwa nimesimama. Mke wangu ameniambia nikae mara tatu, nimejaribu, kiti hakinikubali. Sababu mtaiona huko chini.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi seremala. Shule niliiacha darasa la sita, nikarudi ukubwani. Nikasoma madarasa ya jioni miaka minne nikiwa na vumbi la mbao kichwani, nikapata form four nina miaka thelathini na tatu. Cheti nimekiwekea fremu ya mninga nzito mpaka ukuta umeanza kulalamika.

Sasa mtu kama huyo mwambie mtoto wake hajui kusoma. Ni kama umemwambia hicho cheti ni cha kughushi.

Binti yangu anaitwa Zainabu, Zai. Mwaka jana alikuwa darasa la pili, miaka minane. Katikati ya mwaka mwalimu wake aliniita.

"Baba Zai, mtoto ana adabu, anajua kuchora, anajua kuimba. Kusoma bado. Silabi zinamchanganya. Asipobadilika mpaka mwisho wa mwaka, itabidi arudie darasa."

Arudie darasa! Wakuu, mimi najua kukaa darasani na watu usiolingana nao. Pale jioni nilikuwa nakaa benchi moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa, wananiita "babu wa hesabu". Nikaapa mwanangu hilo halimpati.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikata milango ya kabati la bi harusi ikawa mifupi kwa inchi tatu. Napima kitu mara nne, napata majibu manne. Nikila nasimama, nikisimama natembea.

Sasa kuna kitu sijawaambia. Zai alikuwa anaanguka.

Si kuanguka kwa kifafa au nini, hapana. Anatembea tu, anayumba, anajikwaa kwenye sakafu laini isiyo na kitu. Akibeba ndoo ndogo ya maji kichwani, anafika nyumbani bega la kushoto limelowa chapachapa. Kila siku la kushoto. Sisi tukasema ni mzembe, tukampunguzia kubeba maji, basi. Kosa la kwanza hilo, liwekeni akiba.

Siku moja akaja karakana mwalimu mmoja wa kike, anafundisha watoto wenye mahitaji maalumu, alitaka shelfu ya vitabu. Akamwona Zai anajaribu kupita juu ya ubao uliolala chini, hata kimo cha kidole haufiki. Hatua mbili, chini.

Akaniuliza, "Huyu anasomaje?"

Nikaweka nyundo chini. "Umejuaje?"

"Sijui, nauliza tu. Watoto wengine wenye shida ya balansi huwa wanapata shida ya kusoma pia. Sio wote. Ukipata nafasi mpeleke..."

Wakuu, hapo kwenye "mpeleke" mimi sikuwepo tena. Kichwa changu kilishakwenda kuchagua mbao. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, lakini nilichosikia ni kitu kimoja: balansi na kusoma ni ndugu. Na balansi ni mambo ya fundi! Ningeambiwa shida ni damu ningeogopa. Balansi? Mimi nina pima maji tatu, zile za kipovu za kupimia kama mbao imelala sawa.

Jioni hiyo hiyo nikapasua mtiki, mbao ya mbili kwa nne, futi kumi na mbili. Nikaiweka juu ya miguu minne uani, kimo cha shubiri mbili. Nikaipima kwa pima maji, kile kipovu kikakaa katikati kama kimegandishwa. Nikaipiga randa mpaka nzi akitua anateleza.

Mke wangu akatoka jikoni, akauangalia ubao, akaniangalia mimi.

"Baba Zai, hii nini?"

"Dawa ya kusoma."

"Mbona naona barabara ya kwenda hospitali?"

Ikabidi nikwangue juu kidogo uwe na mkwaruzo. Kazi ikaanza. Asubuhi kabla ya shule mara kumi kwenda na kurudi, alasiri mara ishirini. Nimesimama pembeni kama kocha wa timu ya taifa.

Mtaa mzima ukajua. Watoto wakawa wanakuja kupanga foleni kupita kwenye ubao wetu. Wote wanavuka, hata vile vya miaka minne vyenye makamasi. Asiyevuka ni mwenye ubao.

"Zai mlevi! Zai mlevi!"

Niliwafukuza, lakini jioni yake Zai alinishika kidole akaniuliza, "Baba, nikivuka ndio nitabaki na wenzangu?"

Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia ndiyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Wiki zikapita. Sijui ni saba au nane, mimi niliziona kama miaka ya jela. Alianza kufika nusu. Halafu robo tatu. Siku moja ya Jumamosi akanyoosha mikono, akauma ulimi, akavuka mpaka mwisho, akageuka, akarudi!

Nilipiga kelele hadi kule Mlali, nje ya mji, walinisikia. Nikanunua soda kwa watoto wote, pamoja na wale waliomwita mlevi. Nikakimbilia ndani nikachukua kitabu chake cha kusoma, nikafungua.

"Haya mama, soma."

Akasoma! Moja kwa moja, bila kusita, kidole kinatembea chini ya mistari. Mbuzi ametoka zizini, mbuzi amekula mahindi, bibi amekasirika. Machozi yakanilenga.

Mke wangu akainama juu ya bega langu, akasema taratibu:

"Baba Zai. Huo ni ukurasa wa mvua."

Nikaangalia. Kweli. Picha ya mawingu, watoto wanakimbia. Mbuzi yuko ukurasa wa nyuma. Mtoto alikuwa ameukariri ule wa mbuzi kutoka kwa wenzake, akaniimbia mimi.

Soda mkononi iliisha ubaridi ikawa ya moto, kama mnanielewa.

Zai akatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Lakini nimevuka."

Nilitoka nikaenda kuzunguka soko lote na sikununua hata nyanya.

Shule zilipofungwa tukaenda Mkuyuni, milimani, kwa kaka wa mke wangu. Mke wangu ni Mluguru, na mnaojua Waluguru mnajua mtoto ana mjomba, na mjomba sio mgeni wa sikukuu. Neno lake kwa mtoto wa dada yake lina uzito kuliko la baba, na mimi nimetoka mkoa mwingine, kwa hiyo niko nafasi ya tatu hivi.

Mjomba alishapata habari za ubao. Sikuwa nimemaliza hata kukaa.

"Shemeji fundi, naambiwa unamfundisha mtoto wetu sarakasi."

"Ni mazoezi, shemeji."

"Mazoezi ya nini? Mwacheni huku. Atasoma shule ya hapa, atakaa na bibi yake. Huko mjini mnamchosha."

Hasemi utani, wakuu. Mke wangu kwa kaka yake hajibizani. Nikaona mtoto anaondoka mikononi mwangu hivi hivi. Nikamwomba anipe siku mbili tu tuongee.

Kesho yake mjomba alikwenda ng'ambo ya bonde kubandua magome ya mdalasini. Kule milimani watu hawapigiani simu kwa jambo dogo. Mtu anasimama upande wake wa mlima, anakuita upande wako, unageuka, unajibu, mnaongea maisha yote hapo huku kila mtu anafanya kazi yake.

Mjomba akaita kutoka ng'ambo, "Zaaai! Lete kikapuuu!"

Zai alikuwa uwanjani karibu yangu. Akasikia. Akageuka haraka, kwa furaha, akaanza kupanda kilima. Juu. Kulia kwake, kwenye migomba, ambako hakuna mtu.

Mjomba akaita tena. Zai akasimama, akazungusha kichwa, akaendelea kupanda.

Nilidhani anacheza. Mjomba hakudhani hivyo. Akahama, akashuka mpaka kwenye kijito, akaita kutoka chini. Zai akaangalia kulia, kwenye choo. Mjomba akahama tena. Kila anapoita, mtoto anageukia kulia. Watoto wa nyumba jirani, hata yule wa kubebwa, wanageukia sauti ilipo.

Mjomba akapanda na panga lake na magome begani, anahema, akasimama mbele yangu. Hakunitania safari hii.

"Shemeji. Huyu mtoto hajui sauti inatoka wapi. Sikio la kushoto halifanyi kazi, au linafanya nusu."

La kushoto. Bega lililolowa.

Wakuu, nilikaa chini kwenye udongo. Mambo yakaanza kunirudia moja moja. Mafua yake yasiyoisha. Usiku akilia sikio, tunamwekea mafuta ya vuguvugu, tunamwambia lala. "Eeh? Eeh?" zake, ambazo mimi niliziita ukaidi. Na yule mwalimu wa shelfu, maneno yake yaliyobaki, yakanirudia yote kama amesimama pale: "mpeleke kwanza akapimwe masikio na macho."

Alishaniambia! Nilisikia nusu nikakimbia nayo.

Mjomba akasema, "Mpeleke. Majibu yakitoka ndio tuongee atakaa wapi."

Hospitali tulimkuta daktari wa masikio, binti mdogo, ungesema amemaliza la saba juzi. Akampima Zai kwa mashine, akachungulia masikio yote. Nyuma ya ngoma ya sikio kumejaa ute mzito, pande zote mbili, kushoto ndio zaidi. Huenda ulianza na mafua, miaka.

Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Basi utaelewa haraka. Ndani kabisa ya sikio kuna pima maji. Kimiminika kinacheza, ubongo unajua kichwa kimekaa vipi. Jirani yake ndio kuna sehemu ya kusikia. Huku mbele kukijaa ute, jirani wote wawili wanasumbuka. Anayumba, na sauti zinamfikia kama mtu anaongea ndani ya gunia. Ba na pa, da na ta, kwake ni kitu kimoja. Atasomaje?"

Nikamwambia habari za ubao. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Ubao haukumdhuru. Labda umempa miguu imara. Lakini balansi ilikuwa inakuonyesha kitu, haikuwa ugonjwa wenyewe. Na wapo watoto wanayumba na wanasoma vizuri tu, wengine hawayumbi na kusoma kunawashinda. Kila mmoja apimwe kivyake."

Matibabu yalichukua muda, tukarudi mara nyingi, mwishowe wakamfanyia upasuaji mdogo wa kuutoa ule ute. Siku ya kwanza kurudi karakana nilipopiga randa, Zai aliziba masikio.

"Baba! Kumbe inapiga kelele hivyo?"

Mjomba nilimpigia simu. Akasema, "Basi akae huko huko, ila likizo ni zangu." Nikashukuru kuliko siku niliyopata cheti.

Lakini msidhani masikio yalizibuka na herufi zikamwagika. Hapana. Miaka miwili ya sauti ilikuwa imempita. Mwalimu alimhamishia mbele, akaanza naye ba, be, bi kama mtoto wa chekechea. Mwaka ukaisha. Ripoti ikasema arudie darasa.

Nilichemka. Nilivaa shati la kwenda kugombana shuleni, nikalikosea vifungo. Zai alikuwa mlangoni.

"Baba, na wewe si ulisoma na watoto?"

Nikalivua shati.

Ndio nilichojifunza, wakuu. Nilikuwa nakimbiza aibu yangu mwenyewe juu ya ubao wa futi kumi na mbili, na mtoto ndiye alikuwa anaanguka.

Ubao bado uko uani, hakuna anayetembea juu yake. Zai anaukalia akisoma. Na sasa hivi ninavyoandika yuko pale, miguu inaning'inia, kitabu kiko wazi ukurasa wa mvua. Namsikia dirishani. Anasoma polepole, anakwama, anarudi, anasukuma tena. "Ma-wi-ngu... me-u-si... ya-na-ku-ja." Hajui kama nasikiliza. Ndiyo maana nashindwa kukaa.

Kama una mtoto anayejikwaa hovyo na kusoma kunampa shida, kabla hujamwita mzembe na kabla hujapasua mbao, mpeleke akapimwe masikio na macho. Walimu na wataalamu mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea, safari hii nitasikiliza mpaka mwisho. Na waliopitia haya, watoto wenu walichukua muda gani kufika ukurasa wa mwisho? Semeni ukweli, nina presha.